Maswali ya Wasomaji: Ukitoka Zamu, Nani Anaongoza?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka upande mmoja, wauguzi waliopewa usimamizi kwenye nyumba za kutunzia wazee, na wengine wanaofanya kazi chini yao. Nimefurahi kwa kweli. Hii kazi watu wanaiona ya pembeni, eti muuguzi wa maana ni yule wa chumba cha upasuaji au wa dharura, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi. Mimi nimekaa na wazee miaka mingi, na mingi kati ya hiyo nilikuwa inchaji, yaani muuguzi msimamizi, kwa hiyo haya ninayowajibu mengine nimeyajua kwa kukosea kwanza. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo mama. Nina miezi minne tangu nipewe uinchaji kwenye nyumba ya wazee ambayo nilikuwa muuguzi wa kawaida tu. Wahudumu wengi wamenizidi umri, wengine walianza kazi pale kabla mimi sijaanza hata kusoma uuguzi. Mchana nikiwepo mambo yanaenda vizuri, watu wanachangamka, ila asubuhi nikiingia nakuta balaa. Wazee wamelowa, visigino vimeanza kubadilika rangi, halafu chati ya kugeuza, ile ya kuandika kila mzee anapogeuzwa kitandani asipate vidonda, imejazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, yaani unaona kabisa imejazwa alfajiri kwa mkupuo. Nimeongea kwa upole, nimefoka, nimetoa barua mbili za onyo, kilichobadilika ni kwamba sasa nikiingia chumba cha stafu wananyamaza. Nakosea wapi?
(Inchaji mpya)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Suala la umri nitalirudia, naona ndilo linalokuuma lakini sio kubwa kama unavyodhani. Kubwa ni lile ulilolisema mwenyewe ukalipita, kwamba "nikiwepo mambo yanaenda". Florence Nightingale, yule mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, mwaka 1859 alishaliandika hilo, kwamba uuguzi wote mzuri unaweza kuharibika kwa kitu kimoja tu, kutojua kupanga mambo ili yanayofanyika ukiwepo yafanyike na usipokuwepo. Zaidi ya miaka 160 imepita na bado ndio ugonjwa wetu. Na kwa wazee ni mbaya zaidi, maana wodi ya kawaida mgonjwa analala siku tatu nne anaenda kwake, mzee yeye anaishi hapo, usiku wake ni sehemu ya maisha yake sawa na mchana. Wiki ina masaa 168. Wewe ukijitahidi sana uko kazini masaa 45. Hayo mengine zaidi ya 120 yanaongozwa na nani?

Nikuhadithie ya kwangu. Sehemu moja niliyosimamia nilikuwa na tatizo hilohilo la wazee kukutwa wamelowa asubuhi, nikaandika maonyo, nikabandika matangazo ukutani, na kila mkutano nasema zamu ya usiku ni wavivu. Siku moja nikaenda saa nane usiku bila kumwambia mtu, na nakiri nilienda kukamata. Nikamkuta mhudumu mmoja mama mtu mzima anaikunja shuka iliyolowa upande, anaisogeza ili ile sehemu kavu ndio ikae chini ya mzee. Nikamuuliza kwa ukali, mbona hubadilishi? Akanijibu taratibu kabisa, sista mashuka yako stoo na ufunguo unaondoka nao wewe jioni. Mwanangu nilikaa chini. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu, niliuchukua kwa sababu mashuka yalikuwa yanapotea na nikaona nimeokoa mali, na kwa miezi mizima hakuna mtu aliyethubutu kuniambia kwa sababu nilishajulikana kwamba ukimpelekea tatizo anakurudishia barua ya onyo. Wale wazee walilala kwenye maji kwa sababu yangu. Nikikumbuka bado inaniuma.

Kwa hiyo nenda usiku, ila usiende kama mimi. Waambie kabisa kwamba Alhamisi nakuja kufanya kazi na nyie, vaa glovu, geuza wazee nao, badilisha nao, halafu hesabu. Hii ya kuhesabu ndio watu wengi hawaifanyi. Tuseme mna wazee 30 na wahudumu wawili usiku, na wengi wa hao wazee wanahitaji watu wawili kuwageuza vizuri bila kuwaburuta kwenye shuka. Kila mzee dakika tano, hapo sijaweka kubadilisha nepi wala kujibu kengele. 30 mara 5 ni dakika 150. Sasa chati yako inasema kila mzee ageuzwe kila baada ya masaa mawili, ambayo ni dakika 120, haiwezekani hata wakikimbia usiku kucha bila kunywa maji! Chati inayodai kisichowezekana inafundisha watu kuandika uongo, na wakishazoea kuandika uongo kwenye chati ya kugeuza watauandika na kwenye ya presha na ya maji pia, na hapo ndipo wewe unabaki unasimamia makaratasi.

Dawa yake ni kuacha kuwatendea wazee wote sawa. Muuguzi mmoja Mwingereza anaitwa Doreen Norton alitengeneza kipimo mwaka 1962, na alikitengeneza kwa ajili ya wazee hasa, unaangalia mambo matano, hali ya mwili, hali ya akili, anatembea kiasi gani, anajigeuza kiasi gani kitandani, na kama anajizuia haja. Kila moja inapewa alama 1 mpaka 4, jumla ikiwa 14 kushuka chini huyo yuko hatarini. Kaa na watu wa usiku, pimeni wazee wote pamoja, na utashangaa wahudumu wanavyojua majibu kuliko faili. Labda mtapata kumi ambao kweli lazima wageuzwe mara kwa mara, wengine wanajigeuza wenyewe na kinachowaumiza ni kuamshwa ovyo. Hao kumi dakika 50, inawezekana. Halafu visigino, weka mto chini ya mashavu ya miguu ili kisigino kielee hewani kisiguse godoro, ni kitu kidogo lakini kinaokoa miguu ya watu. Na wafundishe wasisubiri wekundu, kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, gusa, sikilizia kama pana joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tunda lililoiva sana, au mzee anaruka ukigusa.

Sasa umri. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa uongozi wa Marekani, Paul Hersey na Ken Blanchard, walitoa wazo kwamba hakuna namna moja ya kuongoza inayofaa watu wote, inategemea huyo unayemuongoza anajua kazi kiasi gani na ana moyo nayo kiasi gani. Mhudumu wa wiki ya pili anataka umuelekeze hatua kwa hatua. Huyo mama aliyefanya miaka 20 ukimuelekeza hivyo unamdhalilisha, yeye anataka umuulize. Mwite pembeni, msalimie kama mkubwa wako, mwambie mama nakuomba unisaidie, hapa usiku tatizo hasa ni nini? Halafu nyamaza mpaka amalize. Ila kuheshimu umri sio kushusha kiwango, akikwambia tumezoea hivi na hivyo walivyozoea vinamuumiza mzee, unasema mama nakuelewa lakini hiki tunabadilisha kuanzia kesho, na unabaki hapohapo. Wengi wanachanganya, wanadhani kuwa mpole ni kukubali, au kuwa imara ni kupiga kelele.

Zile barua mbili, ukigundua kosa halikuwa lao zifute, na uwaambie mbele za watu umezifuta na kwa nini. Hakuna kitu kitakachofungua midomo ya watu haraka kama hicho. Mimi ile asubuhi niliitisha zamu zote mbili nikaweka ufunguo mezani nikaomba msamaha, na ndani ya wiki moja nilikuwa nimeambiwa mambo saba ambayo sikuwahi kuyasikia, ikiwemo kitanda ambacho breki yake haishiki tangu mwaka uliopita.

SWALI: Mama habari. Muuguzi wangu mmoja alimpa mzee dawa ya mwenzake, akaficha. Tumejua siku ya pili baada ya kuhesabu vidonge. Mzee hajapata madhara, Mungu mkubwa. Nataka kumchukulia hatua kali ili wengine wajifunze, lakini msaidizi wangu anasema nitaharibu. Nifanyeje?
(Matroni)

JIBU: Habari njema dada. Kwanza mzee. Hata kama anaonekana mzima, daktari ajue, apimwe presha na sukari na chochote dawa hiyo inachogusa, na familia yake iambiwe ukweli na wewe mwenyewe sio karani. Dawa nyingine kwa wazee zinachelewa kuonyesha madhara kwa sababu figo zao zinatoa taratibu. Hili naliweka mbele kwa sababu nimeona vikao vingi vya kosa la dawa ambavyo watu wanabishana nani afukuzwe wakati mgonjwa hajapimwa.

Sasa huyo muuguzi. Jiulize kwa nini alificha. Watu hawafichi kwa sababu ni wabaya, wengi wanaficha kwa sababu wameona yaliyompata aliyesema kabla yao. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alitoa utafiti aliofanya kwenye wodi za hospitali, alitegemea kukuta kwamba timu zenye uongozi mzuri zina makosa machache ya dawa, akakuta kinyume, zenye uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Ilimchanganya mpaka alipoelewa kwamba hawakosei zaidi, wanasema zaidi. Kwa hiyo kama daftari lako la makosa ni jeupe mwaka mzima usifurahi dada yangu, ogopa.

Kaa naye mkiwa wawili, muulize ilikuwaje, na umuulize kwa nia ya kujua. Mara nyingi utakuta wazee wawili majina yanafanana na vitanda vimefuatana, taa ya korido imekufa, alikuwa anagawa dawa huku anaitwa na kengele na simu ya ofisi, au kadi haina picha ya mzee. Tatu kati ya hizo unaweza kuzirekebisha wiki hii hii. Weka picha kwenye kadi za dawa. Mpe anayegawa dawa mtu wa kumshikia kengele kwa huo muda na iwe mwiko kumsemesha. Halafu yeye mwenyewe mwombe, usimlazimishe, aelezee kwenye kikao kilichotokea. Kuficha nako kuna uzito wake, mwambie wazi kwamba kukosea tutalibeba pamoja lakini kuficha kunamnyima mzee msaada kwa hiyo likirudiwa litakuwa na hatua, na uandike. Msaidizi wako ameona mbali, na ni vizuri kwamba anaweza kukupinga.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni muuguzi tu sio bosi. Kuna mhudumu mwenzetu ana nguvu na ana kasi, inchaji anampenda sana anamsifia kwenye kila kikao kwamba anamaliza wazee wake kabla ya saa tatu asubuhi. Lakini anavyowashika... anawavuta, anawafokea, na kuna babu mmoja anayezurura anamfunga na kitambaa kwenye kiti. Nikisema nitaonekana nina wivu. Nisipeleke taarifa?
(Naogopa)

JIBU: Marahaba. Peleka, na usingoje kesho. Andika tarehe, saa, ulichokiona kwa macho yako na ulichokisikia kwa masikio yako, bila kuongeza "nadhani", mpelekee inchaji, na kama hakufanya kitu ndani ya muda mfupi panda juu yake, au kwenye mamlaka yenu inayosimamia nyumba hizo. Najua ni vigumu. Lakini huyo babu hana wa kumsemea saa hiyo isipokuwa wewe.

Na sasa naongea na mainchaji wote wanaosoma hapa maana barua hii ni yenu kuliko yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwenye vituo vya kutunzia watu, wafanyakazi 2 kati ya 3 wamekiri wenyewe kwamba ndani ya mwaka uliopita walimtendea mzee vibaya kwa namna fulani. Wawili kati ya watatu, tena waliokiri! Sio majitu ya kutisha hao, ni watu wa kawaida waliochoka, wachache, ambao hawajafundishwa kukaa na mtu mwenye demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na ambao wamejifunza kwa bosi wao kwamba kinachosifiwa hapa ni kasi. Hili la kusifia tunalichukulia kirahisi mno. Ukimsifia mtu kwa kumaliza wazee kabla ya saa tatu, wote watajifunza kwamba mzee ni kitu cha kumalizwa. Nilivyobadilisha mimi nilianza kuwasifia watu kwa vitu vingine, kwa mfano nasema leo nimemuona fulani amekaa dakika kumi na bibi mpaka bibi mwenyewe amefunga vifungo vyake vyote, na bibi ametoka chumbani anatabasamu. Dakika kumi kwa vifungo, na ndiyo kazi yenyewe hiyo, maana mzee unayemvalisha kila siku baada ya muda hawezi tena kuvaa.

Kumfunga mtu kwenye kiti ndio kabisa. Watu wanafunga eti asianguke, kumbe aliyefungwa misuli inaisha, anapata vidonda, anapagawa, na akijaribu kujinasua anaumia vibaya zaidi, wengine wamenyongwa na hivyohivyo vitambaa. Mzee anayezurura anatafuta kitu. Angalia kama kibofu kimejaa, kama hajapata choo siku tatu, kama ana maumivu hawezi kuyasema, kama ana kiu, kama kaanza kuzurura ghafla juzi tu, hapo fikiria maambukizi ya mkojo au ya mapafu au dawa mpya, maana mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa wala kikohozi cha maana, dalili pekee ikawa ni kuchanganyikiwa. Na wengine wanatafuta maisha yao tu. Nilishawahi kuwa na mzee aliyekuwa anaamka saa kumi usiku kila siku anagonga milango yote, tukahangaika naye wee, mpaka binti yake alivyokuja akatuambia baba alikuwa mlinzi wa usiku miaka 30. Tukampa tochi. Anazunguka na mhudumu, anakagua milango, anarudi analala. Tom Kitwood, yule mwanasaikolojia wa Bradford kule Uingereza, ndicho alichokuwa anakisisitiza kwenye miaka ya tisini, kwamba umwone mtu kwanza kabla ya demensia yake. Inchaji asiyeijua historia ya wazee wake hawezi kuwafundisha wahudumu kuwaona watu.

Kwa huyo mhudumu, inchaji ukipata taarifa kama hii hapo hamna ushauri wa pole pole niliompa yule wa kwanza. Kosa la kalamu au la dawa unauliza ilikuwaje, kumvuta na kumfunga mzee unamtoa kwanza kwenye zamu siku hiyohiyo, unamkagua mzee mwili mzima, unaripoti, ndipo maswali yanafuata. Na aliyekuja kukwambia mlinde, jina lake lisitembee.

SWALI: Mama, rosta inanigombanisha na watu. Kila mwezi kuna kilio, fulani anapendelewa, fulani hapangwi usiku. Nifanye nini?
(Mpanga zamu)

JIBU: Itoe mapema, angalau wiki nne kabla, ibandike pale kila mtu aione yote sio kila mtu na sehemu yake, na wewe mwenyewe jina lako liwepo kwenye usiku na wikiendi za mzunguko hata kama ni mara chache. Usimpange mtu atoke usiku aingie asubuhi yake. Kubadilishana wakubaliane wenyewe mradi muuguzi mwenye leseni abaki kwenye kila zamu na wewe uandikiwe. Sheria za kupanga ziandike nao kwenye kikao, zikishaandikwa zinakufunga na wewe. Kama una shemeji au rafiki kwenye hiyo timu, muda wa kupanga mpe msaidizi wako aangalie. Kelele zitabaki kidogo, ni kawaida.

SWALI: Habari yako mama. Mimi sio muuguzi. Tunataka kumpeleka baba kwenye nyumba ya wazee na tumeenda kutembelea mbili, zote zinang'aa, mameneja wote wanaongea vizuri. Nitajuaje ipi ina uongozi wa kweli?
(Mtoto wa baba)

JIBU: Nzuri, na pole, najua uamuzi huo unavyolemea. Usimsikilize sana meneja, hata angekuwa mimi. Nenda saa ambayo hawakutegemei kama wanaruhusu, jioni jioni zamu zinapobadilishana ndio pazuri, na uangalie kama wanaotoka wanawasimulia wanaoingia habari za kila mzee au wanapungiana tu mkono. Muulize mhudumu yeyote wa kawaida, huyu bibi hapa anapenda nini, na uone kama anajua. Sikiliza kengele, inalia muda gani kabla mtu hajaenda. Angalia kama vikombe vya maji vimewekwa mahali mkono wa mzee unafika. Uliza wanapima uzito mara ngapi na nani anaangalia hizo namba, maana mzee akipoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita, ni jambo la kuitisha kikao sio la kuandika tu, na meneja mzuri atakujibu hapohapo bila kufungua faili.

Halafu muulize meneja swali moja, niambie kosa la mwisho lililotokea hapa na mlibadilisha nini. Akikwambia kwetu hapa hakuna makosa, mpeleke baba kwingine. Na akishaingia, peleka stori zake, alikuwa anafanya kazi gani, anapenda kuitwaje, analala upande gani, anaogopa nini. Ziandike kwenye karatasi moja tu, zibandikwe ndani ya mlango wa kabati lake.

SWALI: Mama shikamoo. Nimekuwa inchaji miaka sita. Mwaka huu tumezika wazee tisa, wawili nilikuwa nawaita baba na mama. Nafika nyumbani siongei na mtu. Kazini naona nimekuwa mgumu, juzi mhudumu alilia baada ya kifo nikamwambia kaoshe uso tuendelee, na yule mzee hata kitanda kilikuwa hakijapoa. Simu yangu haizimwi, likizo sijaenda miaka miwili kwa sababu nikiondoka kila kitu kinasimama. Nimeanza kufikiria kuacha.
(Nimechoka)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye amelisomea hili tangu miaka ya sabini, anaeleza kwamba uchovu wa kazi una sura tatu, unaishiwa nguvu, unakuwa mgumu kwa watu uliokuwa unawapenda, na unaanza kuona unachofanya hakina maana. Sura ya pili ndiyo hiyo umeiandika, hujawa mtu mbaya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka kwenye orodha yake ya magonjwa kama hali inayotokana na kazi, sio kama ugonjwa wenyewe. Kama usiku hulali, au umefika mahali unaona afadhali usiamke, muone daktari wiki hii, hilo lisisubiri ushauri wa gazetini.

Kuhusu vifo. Sisi tulifundishwa muuguzi halii, na kwenye nyumba za wazee hilo ni kosa kubwa kwa sababu hawa sio wagonjwa wa kupita, umemuogesha mtu miaka minne, unajua wimbo anaoupenda, halafu unaambiwa kitanda 12 kiandaliwe kuna mtu anaingia mchana. Tafadhali anza na kitu kimoja. Mzee akifariki simamisheni kazi dakika chache, waliopo kwenye zamu wakusanyike chumbani kwake, kila mwenye la kusema juu yake aseme, halafu ndipo mwili utoke, na atoke kwa mlango wa mbele kama alivyoingia. Wazee wengine wanaona pia, wanajua kwamba siku yao haitapita kimyakimya. Na huyo mhudumu uliyemwambia akaoshe uso mtafute, mwambie nilikuwa nimeumia pia nikashindwa kusema. Atakuelewa kuliko unavyofikiri, na ndipo na yeye siku nyingine atakuuliza wewe umeshindaje.

Hilo la kila kitu kusimama ukiondoka, niruhusu niseme kwa upendo, miaka sita ni mingi, kama bado kinasimama ina maana kuna vitu umevishika mkononi ambavyo vilitakiwa viwe kwa wengine. Nimemjibu yule inchaji mpya hapo juu habari ya ufunguo wangu wa stoo, wewe una funguo ngapi? Nani mwingine anaweza kuagiza dawa zikiisha, kuongea na familia, kuita daktari saa tisa usiku bila kukupigia? Andika vyote unavyofanya wewe peke yako kwa wiki moja. Chagua watu wawili, sio mmoja, kila mmoja mpe nusu, kaa nao pembeni wiki tatu wakifanya wao na wewe ukitazama, wakikosea usinyang'anye. Wiki ya nne omba likizo, siku 14 zikiwezekana, na simu ya kazi uiache kazini kwenye droo, wakiwa nayo wao.

Watakosea kitu, nakwambia mapema. Ukirudi waulize ilikuwaje, na uniandikie.